Akaunti ya akiba kwa kijana wa miaka 15: nichague ipi, na hii kodi ya zuio inamhusu vipi?

Mama Daudi (Morogoro)

Habari za leo ndugu zangu. Naomba mawazo yenu juu ya jambo ambalo limenikaa kichwani tangu shule zifungwe.

Mwanangu wa kwanza ana miaka 15, yuko kidato cha tatu. Kwa mwaka mmoja na nusu sasa amekuwa akifuga kuku wa kienyeji nyuma ya nyumba na kuuza mayai na majogoo kwa majirani na kwa mama mmoja mwenye mgahawa. Fedha zake zimekuwa zikikaa kwenye simu yangu, kwa kuwa yeye hana laini iliyosajiliwa kwa jina lake. Juzi tulipopiga hesabu tulikuta amefikisha Sh 640,000. Nakiri mbele yenu kwamba mara mbili nimezikopa bila kumwambia. Zote nilizirudisha, lakini mara ya pili nilichelewa, na tangu hapo kila Jumapili huniomba nimwoneshe salio. Nataka fedha hizi zitoke mikononi mwangu kabla hatujagombana.

Nimekwenda benki mbili. Ya kwanza ina akaunti ya watoto isiyo na makato ya kila mwezi, riba ni asilimia 3 kwa mwaka, lakini mtoto hapewi kadi. Ya pili ina akaunti ya vijana wa miaka 13 hadi 17, yenye kadi ya ATM ambayo kijana huitumia mwenyewe kwa kiwango kilichowekwa, na riba yake ni asilimia 2. Afisa wa benki hiyo ya pili alinishauri pia kwamba Sh 500,000 niziweke kwa jina langu katika akaunti ya muda maalumu ya miezi 12, ambako riba ni asilimia 7, kisha akaongeza kwa haraka kwamba hiyo ni "kabla ya kodi". Hapo ndipo niliposhtuka.

Je, kodi hiyo ni kiasi gani na hulipwa na nani? Mtoto wa miaka 15 anatakiwa kuwa na TIN, ile namba ya mlipakodi? Na zile fedha za kuku, zikishaingia benki, hazitatuletea maswali kutoka Mamlaka ya Mapato (TRA)?

Kijana wa Ubungo

Hongera kwa mwanao, mama. Mimi ningekushauri uachane na benki kabisa, kwa sababu riba yenyewe ni ndogo na bado inakatwa kodi ya asilimia 15. Mnunulie hatifungani ya Serikali, yaani unaikopesha Serikali nayo inakulipa riba, haina kodi na inalipa vizuri zaidi.

Mhasibu Mstaafu (Dar es Salaam)

Mama Daudi, nimefanya kazi ya hesabu kwa miaka mingi na swali lako ni la msingi kuliko unavyodhani, kwa hiyo nitalijibu kwa kirefu. Nianze kwa kumsahihisha kijana wetu hapo juu kwa upole, maana takwimu yake siyo ya hapa kwetu.

Tanzania Bara na Zanzibar, riba inayolipwa na benki kwa mwenye amana hukatwa kodi ya zuio ya asilimia 10. Neno "zuio" lina maana ileile linayoonekana kuwa nayo: benki huzuia sehemu hiyo kabla ya kukulipa na kuipeleka TRA yenyewe, wewe unapokea kilichobaki. Kodi hiyo hutozwa kwenye riba tu na haigusi mtaji. Nalisisitiza hili kwa sababu nimekutana na wazazi waliodhani kwamba Serikali itachukua asilimia 10 ya akiba yote ya mtoto, na kwa hofu hiyo wakaiacha fedha chini ya godoro.

Tufanye hesabu ya Daudi. Akiba ya Sh 640,000 kwa asilimia 3 huzaa Sh 19,200 kwa mwaka. Kodi yake ni Sh 1,920, anabaki na Sh 17,280. Kwa kipimo chake mwenyewe, kodi ya mwaka mzima ni kama mayai manne ya kienyeji. Katika ile akaunti yenye kadi, riba ni Sh 12,800, kodi Sh 1,280, anabaki na Sh 11,520.

Kuhusu nani anadaiwa: kwa mtu binafsi mkazi wa Tanzania, anayepokea riba ya amana yake kutoka benki ya hapa nchini, kodi hiyo ni ya mwisho. Maana yake ni kwamba benki ikishakata, jambo limekwisha. Riba hiyo haijumlishwi na mapato mengine, haiandikwi kwenye ritani, yaani fomu ya kutangaza mapato kwa TRA, na mtu ambaye hana mapato mengine zaidi ya hayo hatakiwi kuwasilisha ritani kwa ajili yake. Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 haikuweka msamaha wa riba kwa sababu ya umri, kwa hiyo mtoto wa miaka 15 hukatwa sawa na babu wa miaka 80, lakini vilevile hana la kufanya baada ya kukatwa. Akaunti ya mtoto hufunguliwa kwa cheti chake cha kuzaliwa na kitambulisho chako wewe kama mzazi, na TIN haina kazi hapo.

Kuku nao wasikunyime usingizi. Kwa mfanyabiashara mdogo anayekadiriwa kwa mauzo, mauzo yasiyozidi Sh 4,000,000 kwa mwaka hayana kodi ya mapato ya kulipa. Kijana aliyeweka akiba ya Sh 640,000 kwa mwaka mmoja na nusu, hata tukiongeza gharama za pumba na chanjo, yuko mbali sana na kiwango hicho. Mfundishe kuandika mauzo yake kwenye daftari, na benki ikiuliza fedha zimetoka wapi, jibu ni kwamba anauza mayai.

Sasa nije kwenye jambo ambalo, kwa maoni yangu, lingepaswa kukushtua zaidi ya kodi, nalo ni makato ya kila mwezi. Chukua akaunti ya kawaida ya mtu mzima inayokata Sh 1,500 kwa mwezi. Ongeza VAT ya asilimia 18, inakuwa Sh 1,770. Zidisha mara 12, ni Sh 21,240 kwa mwaka. Hizo zimeizidi riba yote ambayo Daudi angeipata kwa asilimia 3. Kwa akiba za ukubwa huu, akaunti isiyo na makato ndiyo inayofaa, hata kama tangazo la benki nyingine limeandikwa riba kubwa kwa herufi nyekundu.

Kuna maswali ambayo ningekuomba urudi nayo kwenye dirisha la benki, na usiondoke hadi ujibiwe kwa maandishi. Je, riba huhesabiwa kwa salio la kila siku au kwa salio dogo kuliko yote la mwezi? Je, kuna kiwango ambacho salio likiwa chini yake riba hailipwi kabisa? Hili la pili nimeliona likiwakuta wengi, kwa sababu mtu anaambiwa asilimia 3 kumbe asilimia hiyo huanzia kwenye salio ambalo mtoto hatalifikia hadi amalize kidato cha sita. Na je, kutoa fedha mara nyingi ndani ya mwezi mmoja hufuta riba ya mwezi huo?

Kuhusu hatifungani, kijana wetu hakukosea kwamba riba ya hatifungani za Serikali za muda mrefu haikatwi kodi ya zuio. Lakini kiwango cha chini cha kushiriki katika mnada wa Benki Kuu ni Sh 1,000,000, na Daudi hajakifikia. Isitoshe, hatifungani hufika hadi miaka 25, na sidhani kama mtoto anayetaka kununua vitabu na baiskeli mwakani atafurahi kuambiwa asubiri hadi awe na miaka 40. Zinaweza kuuzwa kabla ya muda katika soko, ila bei siku hiyo ikiwa chini atapata hasara.

Mwalimu wa Likoni (Mombasa)

Naomba nithibitishe aliyoyasema mzee wetu. Hiyo asilimia 15 ni ya kwetu Kenya, na nadhani ndugu wa Ubungo aliisoma kwenye makala ya huku. Sisi nasi riba ya benki kwa mtu binafsi mkazi hukatwa asilimia 15, na kodi hiyo ni ya mwisho, kwa hiyo utaratibu unafanana ingawa kiwango ni tofauti. Bima ya amana pia tusiichanganye: huku kwetu mwenye amana hulindwa hadi Sh 500,000 za Kenya endapo benki itafungwa, kiwango kilichoanza mwaka 2020 kutoka Sh 100,000 za awali. Ninyi mna bodi yenu na kiwango chenu. Mtu akisoma mtandaoni, ni vyema kwanza aangalie ni shilingi ya nchi gani inayozungumzwa, maana majina yanafanana na thamani hazifanani hata kidogo.

Mhasibu Mstaafu (Dar es Salaam)

Ahsante Mwalimu. Kwa faida ya wasomaji, huku kwetu Bodi ya Bima ya Amana humlinda mwenye amana hadi Sh 7,500,000, baada ya kiwango hicho kupandishwa mwaka 2023 kutoka Sh 1,500,000. Fedha za Daudi ziko ndani ya kinga hiyo zote, katika benki yoyote yenye leseni ya Benki Kuu. Hapa akiba ndogo ina raha yake.

Baba Koku (Mwanza)

Mama Daudi, mimi nataka kuzungumzia jina litakaloandikwa kwenye akaunti, kwa sababu jambo hilo limenigharimu.

Binti yangu tulimfungulia akaunti ya mtoto akiwa na miaka 11. Tuliweka kidogo kidogo, bila makato, na kila kitu kilikwenda vizuri hadi alipotimiza miaka 18 akiwa shuleni bweni. Hatukujua kwamba benki ile, mtoto akitimiza umri huo, huihamisha akaunti kuwa ya mtu mzima. Makato ya kila mwezi yakaanza kimyakimya. Mimi nilipokwenda kuuliza nikaambiwa sina mamlaka tena juu ya akaunti, ambalo kisheria ni sawa, na binti naye hakuweza kutoa chochote kwa kuwa kitambulisho chake cha NIDA kilikuwa hakijatoka. Tulikaa miezi minane tukiangalia fedha zikipungua bila yeyote kati yetu kuweza kuzigusa. Silalamiki kwamba waliiba. Masharti yalikuwa yameandikwa kwenye fomu niliyoisaini bila kuisoma.

Kwa hiyo muulize afisa: siku Daudi atakapotimiza miaka 18, ni nini hasa kitakachotokea, na ni nyaraka gani atatakiwa kuleta? Ana miaka 15, kwa hiyo siku hiyo haiko mbali. Mwanzishie mapema maombi ya kitambulisho cha taifa mara tu atakaporuhusiwa.

Na lile wazo la kuweka Sh 500,000 kwa jina lako, mimi silipendi. Wewe mwenyewe umesema kwa nini unataka fedha zitoke kwako. Fedha zilizo kwa jina lako ni zako mbele ya sheria. Mungu apishe mbali, likitokea la kutokea, zitaingia kwenye mirathi, na Daudi atasubiri pamoja na wengine hadi mahakama imteue msimamizi, huku akiwaeleza wajomba na mashangazi kwamba zile ni hela za kuku wake.

Mwanaasha (Unguja)

Assalaam alaykum. Nimefuatilia kwa makini kwa sababu nina mtoto wa umri huohuo. Kwa walio huku visiwani, mzee amegusa kwa kupita tu, naomba niliweke wazi: kodi ya mapato ni jambo la Muungano, kwa hiyo asilimia 10 ya zuio kwenye riba ni ileile Unguja, Pemba na Bara, na inasimamiwa na TRA. Wengi hapa huchanganya na mamlaka yetu ya mapato ya Zanzibar, ambayo ina kodi zake nyingine.

Kwa wasiotaka riba kwa sababu ya dini, njia ipo. Amana Bank ilianza mwaka 2011 ikiwa benki kamili ya Kiislamu, na benki kadhaa za kawaida zina madirisha ya namna hiyo, mfano PBZ Ikhlas hapa kwetu. Ila mzazi aelewe tofauti ya aina mbili za akaunti. Katika ile ya wadia, benki inakuhifadhia tu, na haiahidi faida yoyote. Katika mudharaba, mnagawana faida kwa uwiano mliokubaliana, na faida haijulikani hadi ipatikane, kwa hiyo mtu asiende kuuliza "mnatoa asilimia ngapi kwa mwaka" akitarajia jibu la uhakika.

Mama Daudi (Morogoro)

Nawashukuru sana, na wewe mzee wangu, shikamoo. Nimeyasoma yote pamoja na Daudi, naye alicheka sana kwenye hesabu ya mayai manne. Baba Koku, umenigusa penye kidonda. Hiyo ya wajomba sikuwa nimeifikiria.

Imebaki jambo moja linalonisumbua. Kama riba ya asilimia 3 ikishakatwa kodi inabaki asilimia 2.7, je, fedha za mtoto zinakua kweli, au zinazunguka palepale? Jirani yangu ananiambia nimpeleke UTT, kwenye mifuko ya uwekezaji wa pamoja, akanunue vipande. Sijui kama ni jambo la mtoto.

Mhasibu Mstaafu (Dar es Salaam)

Marahaba, Mama Daudi. Swali hilo wengi hawaliulizi. Mfumuko wa bei nchini katika miaka ya karibuni umekuwa ukichezea karibu asilimia 3. Ukiuchukua kama ulivyo, fedha za Daudi zinahitaji kuongezeka kwa Sh 19,200 kwa mwaka ili tu zinunue kile zinachonunua leo, naye anapokea Sh 17,280. Anabaki nyuma kwa kiasi kilekile cha kodi. Jirani yako hakukosea: akaunti ya akiba ni mahali pa kulinda fedha na kujifunza nidhamu, lakini haikuzi fedha.

Huko UTT AMIS kuna Mfuko wa Watoto, ulioanzishwa mwaka 2008, na mtu anaweza kuanza kwa Sh 10,000. Vipande, yaani sehemu ndogo ndogo za mfuko ambazo mtu hununua, huandikwa kwa jina la mtoto, mzazi au mlezi ndiye msimamizi hadi mtoto afikishe umri. Kwenye kodi, faida anayopata mwenye vipande haikatwi ile asilimia 10. Lakini nakuomba umweleze kijana mambo mawili bila kumficha. La kwanza, thamani ya kipande inaweza kupanda na inaweza kushuka, kwa sababu sehemu ya fedha za mfuko huwekezwa kwenye hisa, na hakuna anayekuahidi asilimia fulani. La pili, vipande siyo amana ya benki, kwa hiyo ile kinga ya Sh 7,500,000 haivihusu. Mifuko hii iko chini ya usimamizi wa Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, na huo ni usimamizi wa namna nyingine, siyo bima.

Kwa kipato cha kuku, mimi ningegawanya. Fedha ambazo atazihitaji ndani ya mwaka, yaani ada ya mtihani, chanjo na kifaranga kimoja kimoja, zikae benki. Zile ambazo hatazigusa hadi amalize kidato cha sita ndizo zinazoweza kuvumilia kupanda na kushuka kwa kipande. Akaunti ya muda maalumu ya asilimia 7 ingekupa Sh 35,000 kwa Sh 500,000, na baada ya kodi Sh 31,500, ambayo ni hesabu nzuri. Lakini ukivunja mkataba kabla ya miezi 12 kwa kawaida riba hupotea, na Baba Koku ameshasema la jina, nami naungana naye. Kama benki itakubali kuifungua kwa jina la mtoto, wewe ukiwa mlezi, hapo mazungumzo yanaweza kuanza upya.

Kijana wa Ubungo

Nakubali kukosolewa, wazee wangu. Makala niliyoisoma kweli ilikuwa ya Nairobi. Ila naomba kuuliza: nitajuaje kama benki imekata asilimia 10 sawasawa na siyo zaidi?

Mhasibu Mstaafu (Dar es Salaam)

Omba taarifa ya akaunti. Riba huandikwa mstari wake na kodi ya zuio mstari wake, siku ileile au inayofuata. Gawanya ya pili kwa ya kwanza; jibu liwe 0.1, yaani asilimia 10. Ukiona taarifa inayoonesha riba peke yake bila mstari wa kodi, basi huenda wamekuandikia kilichobaki baada ya makato, na una haki ya kuomba mchanganuo.

Mama Daudi (Morogoro)

Nimerudi kuwapa mrejesho, maana si vizuri kuuliza na kupotea.

Ile benki ya kwanza, nilipouliza maswali ya mzee, ilibainika kwamba asilimia 3 huanzia kwenye salio la Sh 500,000, na chini ya hapo haitoi kitu. Afisa hakuwa ameficha, hakuulizwa tu. Ya pili inalipa asilimia 2 kuanzia Sh 50,000, haina makato hadi miaka 18, na wamenionesha kwa maandishi kwamba Daudi atakuwa na siku 90 za kuleta kitambulisho chake kabla akaunti haijabadilishwa. Kwa kuwa salio lake litakuwa likishuka kila anaponunua chakula cha kuku, tumechagua hiyo. Akaunti ya muda maalumu kwa jina la mtoto hawana.

Ameweka Sh 340,000 benki, na Sh 300,000 tumepeleka kwenye vipande kwa jina lake. Nilitaka kuanza na Sh 100,000 tu, lakini yeye alisisitiza, akaniambia kwamba kuku wenyewe hupanda na kushuka kuliko kipande chochote, hasa wakati wa kideri. Kadi anayo mwenyewe. Jumapili iliyopita hakuniomba simu.